Unaanza Kusoma Historia ya Marekani? Kaa Kwanza na Tarehe 4 Julai

Wengi wanaoanza kusoma historia ya Marekani hukariri miaka, wakafanya mtihani, na baada ya mwezi hawana kitu kichwani. Ushauri wangu ni huu: chukua tarehe moja ukae nayo wiki nzima. Tarehe 4 Julai inafaa kuliko zote. Kwa kila tukio utakalolikuta hapo, uliza kama siku hiyo watu waliichagua au iliangukia tu.

Mwaka 1776, wajumbe wa makoloni waliokutana Philadelphia walipiga kura ya kujitenga na Uingereza tarehe 2 Julai. Kesho yake mjumbe mmojawapo, John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili wa Marekani, alimwandikia mkewe, Abigail, kwamba tarehe 2 ndiyo itakayosherehekewa na vizazi vijavyo. Kilichopitishwa tarehe 4 ni maandishi ya Azimio la Uhuru, na tarehe hiyo ndiyo iliyochapwa juu ya nakala zilizosambazwa. Wajumbe wengi walitia sahihi 2 Agosti. Kwa hiyo ukisoma kwamba jambo fulani "lilitokea" siku fulani, chunguza kwanza mwandishi anazungumzia kura, maandishi au sahihi. Jizoeze hivyo tangu mwanzo.

Miaka 50 kamili baadaye, 4 Julai 1826, Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Azimio na rais wa tatu, alifariki nyumbani kwake Monticello, Virginia. Saa chache baada yake akafariki Adams huko Massachusetts, bila kujua kwamba mwenzake ametangulia. Rais wa wakati huo, John Quincy Adams, mtoto wa marehemu Adams, aliandika katika shajara yake kwamba aliona humo dalili za fadhila za Mungu. James Monroe, rais wa tano, naye alifariki tarehe hiyohiyo mwaka 1831. Hapa hakuna aliyechagua siku, lakini namna watu walivyoyapokea mauti hayo ni historia tosha.

Sasa tazama upande ambao vitabu vingi vya shule huupita haraka, na ambao mimi nauona muhimu kuliko yote. Sheria ya New York ya mwaka 1817 ilipanga kwamba watumwa waliozaliwa kabla ya 4 Julai 1799 wawe huru ifikapo 4 Julai 1827. Watunga sheria waliichagua siku hiyo makusudi. Lakini siku ilipofika, watu weusi wengi wa jiji la New York waliandamana tarehe 5, kwa sababu tarehe 4 mitaa ilikuwa ya Wazungu na fujo zao. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alipohutubia Rochester mwaka 1852 alisimama tarehe 5 Julai pia, akauliza 4 Julai ya Wamarekani ina maana gani kwa mtumwa. Ukisoma matukio ya tarehe 4 peke yake, watu hawa wote watakupita. Soma na siku ya jirani.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini, Vicksburg, mji wa Kusini ulioko Mississippi, ulisalimu amri kwa jeshi la Kaskazini 4 Julai 1863, na jenerali aliyeulinda, Pemberton, alieleza baadaye kwamba alitarajia masharti nafuu siku hiyo. Ufilipino ilipewa uhuru na Marekani 4 Julai 1946. Mwaka 1962 Rais Macapagal akaihamishia sikukuu ya uhuru 12 Juni, siku Wafilipino walipojitangazia uhuru wao kutoka kwa Hispania mwaka 1898.

Ukimaliza, fanya zoezi hilohilo kwa 12 Aprili. Mizinga ya kwanza ya vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe ilipigwa kwenye ngome ya Fort Sumter, South Carolina, mwaka 1861. Rais Franklin Roosevelt, aliyeugua polio na kuanzisha taasisi ya kupambana nayo, alifariki mwaka 1945. Mwaka 1955 ikatangazwa huko Ann Arbor, Michigan, kwamba chanjo ya polio ya mtafiti Jonas Salk, iliyogharimiwa na taasisi hiyohiyo, inafanya kazi. Tafuta nani alipanga siku ya tangazo hilo, na kwa nini.