Swali: Tuliwatoa wagonjwa kwenye sindano wakati wa Corona, tulikosea wapi?

Nesi mmoja wa kliniki ya afya ya akili ameuliza hivi: "Daktari, 2020 Corona ilipoingia tuliambiwa tupunguze watu, wagonjwa wetu wa sindano ya mwezi tukawapa vidonge vya miezi mitatu wakae nyumbani. Baadhi walirudi wameugua vibaya sana. Tulikosea wapi, na likija janga lingine tufanyeje?"

Sista, pole na asante kwa kuuliza. Nikwambie ukweli, kumtoa mtu kwenye sindano kwa sababu tu ya msongamano ndo kosa lenyewe, na sio nyie tu, sehemu nyingi duniani depo (hizi sindano zinazoachia dawa polepole mwilini) ziliwekwa kwenye fungu la vitu vinavyoweza kusubiri wakati kwa mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti au aamini visivyo kweli) hayo ndo matibabu yenyewe. Kwa nini aliandikiwa sindano? Wengi ni kwa vile vidonge vilishindikana, anasahau, au anajiona amepona anaacha. Sasa unamrudishia kilekile kilichomshinda, tena kipindi ambacho hakuna nesi wa kumuona wala ndugu wa kumtembelea!

Na ubaya wake hauonekani haraka. Depo ya haloperidoli dekanoeti inachukua kama wiki 3 nusu yake tu kutoka mwilini, kwa hiyo mtu anaweza kuwa hajameza kidonge hata kimoja na mwezi mzima yuko vizuri, nyumbani wanasema mbona yuko sawa, kumbe anaishi kwa akiba ya sindano ya mwisho. Ikiisha ndo mnapigiwa simu usiku. Hapo analazwa, na wodi ni watu wengi ndani ya chumba kimoja, yaani safari ya dakika kumi mliyomuepusha inazaa wiki kadhaa za kukaa karibu na watu. Na hawa sio watu wa kubahatisha nao, utafiti wa New York uliotoka 2021 kwa wagonjwa 7,348 wa Corona ulikuta wenye skizofrenia uwezekano wao wa kufa ni karibu mara 2.7 ukilinganisha na wasio na ugonjwa wa akili, umri tu ndo ulikuwa hatari kubwa zaidi.

Sasa likija janga lingine. Aliyetulia kwenye paliperidoni (depo nyingine) ya kila mwezi angalau miezi 4, na dozi mbili za mwisho zinafanana, mhamishie ile ya kila miezi mitatu, atakuja mara 4 kwa mwaka basi. Ila tafadhali usichukue ya mwezi ukaipiga mara mbili ili ikae miezi miwili, haikutengenezwa hivyo. Kama mnayo flufenazini au haloperidoli dekanoeti tu, endelea nayo, mpe saa yake asikae foleni, madirisha wazi, sindano ya takoni mgonjwa anakupa mgongo hamtazamani usoni, amemaliza anaondoka. Habari za usingizi, sauti anazosikia, chakula, muulize kwa simu siku moja kabla. Lakini misuli kukakamaa au mdomo kuchezacheza wenyewe, simu haikuonyeshi, hivyo mwangalie anavyotembea akiingia mlangoni.

Kwa anayeanza upya, angalia dawa inadai nini. Olanzapini ya depo inataka abaki kituoni angalau saa 3 kila akichomwa, wakati wa janga mimi siianzi. Risperidoni ile ya wiki mbili nayo lazima ameze vidonge wiki 3 za mwanzo mpaka sindano ianze kufanya kazi, akisahau hana dawa yoyote inayomshikilia.

Aliyechelewa naye usimchome tu kama kawaida, hesabu siku kwanza. Aliyekuwa ametulia kwenye paliperidoni ya mwezi, kama hazijapita wiki 6 tangu sindano ya mwisho, mpe dozi yake aendelee. Zikipita wiki 6 lakini haijafika miezi 6, ni sindano mbili za begani zilizoachana wiki moja ndo arudi kwenye ratiba. Zaidi ya miezi 6 unaanza upya kabisa.

Halafu akiugua Corona dawa ya depo iko mwilini, huwezi kuichomoa. Akipewa dawa ya Corona yenye ritonaviri, ujue inazuia ini kuvunja haloperidoli na aripiprazoli, zinazidi kwenye damu, mchunguze usingizi, misuli na moyo. Na homa yenye mwili mgumu kama mti na kuchanganyikiwa msiishie kusema ni kirusi, inaweza kuwa ile hali ya hatari inayoletwa na dawa zenyewe (kwa Kiingereza neuroleptic malignant syndrome), pimeni CK (kipimo cha damu kinachoonyesha misuli kuumia) haraka na msimchome sindano nyingine.

Kama ni homa ya kawaida tu na siku ya sindano imefika, paliperidoni ya mwezi inaruhusu kusogea siku 7 mbele au nyuma, msogezee, ila tarehe mpya iandikwe kwenye kadi saa hiyohiyo na wewe ndo umpigie, usisubiri akumbuke.