Kabla hujawasha grenda: sakafu iliyooza ya Land Cruiser ya zamani

Vijana wengi wanaokuja gereji kwetu hapa Kizota, Dodoma, wametoka vyuo vya ufundi vya VETA wakiwa na mkono mzuri wa kuchomelea. Wengine mshono wao umenyooka kuliko wangu. Kinachowashinda ni kutu. Wakiona tundu kwenye sakafu ya gari, wanapima tundu, wanakata kiraka, wanachomelea juu yake, na mwenye gari anaondoka anachekelea. Mvua za mwaka unaofuata gari linarudi: kiraka bado kizima, bati lililokishikilia limeisha.

Nitatumia mfano wa Toyota Land Cruiser zile za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, kwa sababu bodi yake ni ya chuma na huku kwetu bado utakutana nazo, za Bahi, za Kondoa, za Mpwapwa.

Grenda iache kwanza. Chukua bisibisi ya zamani na nyundo ndogo, ng'oa viti, toa kapeti, kwangua lami yote iliyobandikwa chini yake. Gonga taratibu ukisikiliza. Bati zima linalia. Lililooza linajibu kizembe, kama boksi lililolowa. Bisibisi ikizama, weka alama ya chaki. Usishtuke alama zikiwa kubwa mara tano kuliko tundu uliloonyeshwa. Chuma kikigeuka kutu kinavimba, ndiyo maana pale sakafu inapokalia mbavu za chini, yaani vyuma vinavyoibeba, mabati mawili yanaachana na katikati panajaa tope. Kutu nyingi huanzia hapo, mahali ambapo mwenye gari hajawahi kupaona.

Halafu uliza maji yaliingilia wapi. Watu hudhani Dodoma ni kame kwa hiyo gari haliozi. Linaoza. Jua letu linakakamaza raba ya kioo cha mbele, ikifika Desemba maji yanapita pale pale na kushukia miguuni kwa dereva, kapeti inanyonya na kubaki mbichi wiki nzima. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, na ndiyo hayo yanayooshea magari. Mizigo nayo usiisahau. Niliwahi kuletewa gari la mzee mmoja wa biashara ya ng'ombe, sakafu nyuma ya viti imeliwa kwa umbo la mstatili, utadhani mtu alipiga mistari kwa rula. Nikamuuliza alikuwa anabeba nini.

"Chumvi ya mifugo, mwanangu. Magunia huwa hayashuki, nauzia humo humo."

Ningeziba bila kuuliza, ningekuwa nimemtengenezea meza mpya ya chumvi.

Hapa niseme neno kuhusu Land Rover za zamani, maana kuna kijana alinipotezea kutwa nzima akijaribu kuchomelea sakafu yake kwa vijiti vya chuma. Sehemu kubwa ya bodi ile ni aluminiamu, na bati la sakafu ya mbele limefungwa kwa bolti: unalifungua tu. Kinachooza ni chesisi na ukuta wa mbele pamoja na vile visanduku vya kuwekea miguu, ambavyo ni vya chuma. Aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu inageuka unga mweupe, hivyo ukirudisha weka raba au rangi nzito katikati.

Turudi kwenye Toyota. Kabla ya moto, chomoa waya za betri. Kagua chini: paipu za breki, waya, na tangi, ambalo kwenye gari za mwanzo liko chini ya kiti. Litoe kabisa. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa.

Sasa kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili nilikata sakafu ya pande zote mbili siku moja, pamoja na kizingiti cha chini ya mlango, ili nimalize haraka. Nikachomelea mabati mapya, kazi safi. Kufunga mlango, haufungi. Umepishana na komeo karibu upana wa kidole. Bodi ilikuwa imelegea ikajikunja, nami nikaigandisha vile vile. Nilikata upya kila kitu bila kulipwa. Tangu hapo nachomelea skwea paipu kuvuka uwazi wa mlango kabla ya kukata, nakata upande mmoja tu, nao ukikamilika ndipo naugusa wa pili. Na mlango naujaribu kila baada ya hatua, hata mara kumi.

Kata mpaka ufike chuma king'aacho. Bati la kurudishia liwe geji 18, karibu milimita 1.2. Bati la kuezekea nyumba usilete hapa, ni jepesi mno. Ukipata lililopakwa zinki, lisage mpaka zinki itoke sehemu ya kuchomelea, kwa sababu moshi wake unaleta homa na kutetemeka usiku. Mafundi watakuambia unywe maziwa. Kunywa ukipenda, lakini moshi hauingii tumboni. Kaa penye hewa na uvae barakoa ya kazi.

Chora umbo kwenye boksi la kadibodi kwanza, kisha hamishia kwenye bati. Piga pia ile migongo iliyokuwepo kwenye sakafu ya zamani, hata kwa nyundo juu ya nondo. Bati lililolala tambarare litapiga kelele kama debe njia nzima ya Kondoa.

Kuchomelea kwenyewe ni fupi. Piga nukta, ruka, piga upande wa pili, acha ipoe. Ukivuta mshono mmoja mrefu bati linajikunja kama chapati. Kama unatumia mashine ya gesi ya CO2, jihadhari na upepo wetu wa Julai na Agosti. Unapeperusha gesi na mshono unatoka na vitundu kama kitumbua. Sisi tunazungushia turubai.

Pale mabati yanapopandana, paka praima ya zinki, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kabla ya kuyaunganisha, maana baadaye brashi haifiki. Ukimaliza, ziba mishono kwa gundi ya kuzibia mishono ya bodi, ile inayokubali rangi, siyo puti, kisha redoksaidi, rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na rangi juu na chini. Yale matundu yenye vizibo vya mpira ni ya kutolea maji. Kijana wangu mmoja aliyachomelea yote kwa bidii, tukayatoboa tena.

Usiku zima taa za gereji, mmoja aingie chini na tochi, mwingine akae ndani. Palipobaki wazi patang'aa kama nyota.

Yule mzee wa chumvi alipofuata gari alikuta nimemwekea chaga ya mbao na turubai nene. Akauliza bei ya chaga. Nikamwambia hiyo juu yangu, ila magunia yashuke kila jioni. Akacheka, akawasha gari, akaondoka. Wiki ile ile nilipishana naye barabara ya Bahi, saa mbili usiku, magunia yamo.