Kabla hujatamani vyura wa sumu, pima kwanza joto la chumba chako

Wadau habari za Mtwara. Tangu nirudi nyumbani nimeulizwa sana kuhusu wale vyura kwenye picha zangu, wa bluu na njano wenye madoa meusi, na maswali ni yaleyale, hawa si wanaua? na nitawapataje huku? Nimewafuga miaka sita nikiwa Uholanzi kwahiyo ngoja niandike nilichokiona mwenyewe.

Kwanza hiyo ya kuua. Sumu yao inatokana na chakula, wadudu kama sisimizi na utitiri wanaowala kwenye misitu ya kwao Amerika ya Kati na Kusini, kwahiyo aliyezaliwa kwenye tangi akalelewa kwa nzi wa matunda hana sumu. Hata yule wa njano wa Kolombia, Phyllobates terribilis, ambaye Waembera, wenyeji wa misitu ya huko, walikuwa wakisugua ncha za mishale yao mgongoni kwake, akizaliwa kwa mfugaji hana kitu. Ila aliyekamatwa porini anaweza kukaa na sumu yake miaka, na mimi sishauri mtu kabisa anunue wa porini, unalipia msitu kumalizwa. Na habari ya kuwabeba kwenye begi sahau, wako kwenye CITES, yaani mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, vibali vinahitajika.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja jirani, mzaliwa wa Suriname, na vyura wake walikuwa wa hukohuko, Dendrobates tinctorius. Siku ya kwanza naangalia tangi lake nikaona kifuu cha nazi kimefunikwa juu ya kisahani, chini kumetandikwa makumbi, na kwenye vikopo vya viluwiluwi kuna jani kavu la mkungu, yaani lile jani tunalofagia uani kila asubuhi, kule linauzwa dukani kwenye pakiti. Nilisimama pale nikawaza kwetu. Jani hilo linatoa rangi kama chai kwenye maji na linasaidia maji yasiharibike haraka, viluwiluwi wanalitafuna pia.

Sasa kuzalisha. Dume utamjua kwa vidole vya mbele, ncha zake ni pana kuliko za jike, na sauti yake ni ndogo mno, mimi nilikaa miezi nikidhani hawaiti kumbe sikuwa nasikiliza. Usiweke majike wawili pamoja, wanapigana na mmoja anaweza kuharibu mayai ya mwenzie. Ukiona wote wawili wanaingia kwenye kifuu basi kesho yake funua taratibu, utakuta mayai manne au matano hivi kwenye kisahani, meusi ndani ya ute. Unaweza kumwachia baba, anayalowanisha na wakitotolewa anawabeba mgongoni mmoja mmoja kuwapeleka kwenye maji, nimeona hilo mara mbili tu na sitalisahau. Au unatoa kisahani ukakiweka kwenye boksi lenye unyevu, kama siku 14 wanatoka. Yai likigeuka jeupe na kuota ukungu halikurutubishwa, litoe. Kila kiluwiluwi kopo lake, usiwachanganye maana wanakulana. Maji yawe ya mvua, au ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima klorini itoke, hapo mimi nilipoteza kizazi changu cha kwanza chote kwasababu nilikuwa na haraka ya kwenda kazini nikajaza moja kwa moja toka bombani. Baada ya miezi miwili na kitu miguu ya mbele inatokea, punguza maji na umwekee kitu cha kupandia la sivyo anazama.

Ila msichanganye, kuna jamii nyingine kama Oophaga pumilio ambaye mama mwenyewe anawalisha watoto mayai yasiyorutubishwa, hao ukiwatoa kwa mama ni ngumu sana kuwakuza, mwanzoni waache.

Chakula ndo kazi yenyewe, chura anakula kila siku na anataka kinachotembea. Kule nilifuga nzi wadogo wasioruka kwenye makopo, kila wiki naanzisha kopo jipya ili la zamani likiisha lingine liwe tayari, na kabla ya kuwapa nawapakaza unga wa kalisiamu na vitamini, bila huo unga watoto wanaweza kutoka na miguu myembamba isiyobeba mwili na hakuna dawa. Hapa kwetu msimu wa korosho weka mabibo mawili yaliyoiva kwenye ndoo uone, nzi haohao wanajaa wenyewe. Hawa wanaruka, ila dakika chache kwenye friji wanapoa unawahesabu kama mchele.

Usafi sasa, tafadhali msiupuuze. Kuna kuvu wa ngozi anayeua vyura duniani kote, alielezwa na wanasayansi 1999 kutoka kwa vyura wa bluu wa jamii hii waliokufa kwenye zuu ya Washington. Chura wetu wa maporomoko ya Kihansi hapa Tanzania naye, 2003 walipokufa kwa wingi kuvu huyo alikutwa kwa waliokufa, na 2009 akatangazwa ametoweka porini, akabaki kwenye matangi ya Marekani tu mpaka aliporudishwa. Kwahiyo usichanganye chura wa mtaroni na wa tangini, na maji ya tangi usimwage bondeni.

Na joto, hili ndo linaniuma. Julai 2019 Uholanzi ilifika nyuzi 40.7, rekodi ya nchi nzima. Mimi mtoto wa Mtwara nikaona joto ni kitu cha kawaida, nikaenda kazini tangi likiwa chumba cha juu. Niliporudi watatu kati ya watano walikuwa wamekufa, akiwemo jike wangu wa kwanza niliyepewa na yule mzee. Hawa wanaishi kivulini chini ya miti mikubwa, wanataka nyuzi 22 mpaka 27 hivi, ikizidi 30 unawapoteza.

Ndo maana nawaambia mnaotaka, hata kama vibali vingekuwepo, anza na kipimajoto. Chumba changu cha bati Novemba saa nane mchana kilisoma 34. Nikaomba kuweka kipimajoto kwa shangazi Mikindani, kwenye nyumba ya zamani ya mawe yenye kuta nene, kikasoma 29 madirisha yakiwa yamefungwa. Mwezi huu nimening'iniza magunia mabichi mlangoni, naandika namba kila siku saa nane. Jana ilikuwa 28.