Kuhusu Programu Uliyoniuliza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na mama yako ameisoma kabla yangu kama ilivyo desturi yake. Umeniuliza ujifunze InDesign au FrameMaker, programu mbili za kupanga kurasa, maadamu umekusudia kuishi kwa kuandika miongozo ya mitambo. Nitakujibu, lakini uniwie radhi nianze na ule mwongozo wa pampu za maji.

Ilikuwa mwaka 1998, tulipohamia Tabata, nami nikipanga kurasa kwa PageMaker katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Kila kichwa cha habari nilikishika kwa kipanya, nikakikuza, nikakikoleza, kisha nikaenda kwenye kingine. Orodha ya yaliyomo niliichapa mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, na kila "tazama ukurasa" vilevile. Siku mbili kabla ya kutengeneza pleti za kuchapia, mteja akaleta kurasa 4 za tahadhari za umeme ziingie katikati. Yaliyomo niliyarekebisha usiku uleule, lakini rejea 11 za ndani zikanipita. Nakala 2,000 zilikuwa zimekwisha kusambazwa fundi mmoja alipokuja na yake, kidole chake kikiwa penye "kufungua vali, tazama ukurasa 31", na ukurasa wa 31 unaeleza kupaka rangi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa upole, vali inafunguliwaje, nami sikujua.

Kilichoniuma zaidi ni kugundua baadaye kwamba PageMaker ileile ingeweza kukusanya yaliyomo yenyewe, laiti ningevipa vichwa mitindo yenye majina, yaani kuiambia programu kwamba hiki ni kichwa kikuu na kile ni kichwa kidogo. Ndiyo maana tangu mkiwa wadogo nawaambia kwamba kichwa cha habari ni cheo, si unene wa herufi. Ukikipa cheo chake, programu inajua ikipange wapi na ikihesabu vipi. Ukikinenepesha tu, inaona wino.

Najua utaniambia kwamba mwajiri haulizi habari za vyeo vya vichwa, anauliza jina la programu, na hapo una haki. Lakini PageMaker, iliyotoka mwaka 1985 na kubadili uchapaji duniani, ilikoma kwenye toleo la 7 la mwaka 2001, na vitufe vyote nilivyovikariri vikafa nayo. Kilichosalia mkononi mwangu ni hicho cheo tu. FrameMaker iliundwa tangu mwanzo kwa vitabu virefu vyenye rejea nyingi, na moyo wangu uko huko, sikufichi. Hata hivyo, InDesign nayo ilipata rejea za kujisahihisha katika toleo la CS4, mwaka 2008, na FrameMaker ya Mac iliacha kuuzwa mwaka 2004, nayo kompyuta aliyokupa shangazi yako ni Mac. Nimekaribia kukuchagulia, na mama yako amenikataza nisikuchagulie, basi naishia hapo ingawa si kwa kupenda.

Chukua kurasa 40 za mwongozo wowote, uzipange kwa mitindo katika LibreOffice, programu ya kuandikia ambayo haina malipo, kisha katika InDesign kwa siku zake za majaribio, na FrameMaker ukipata Windows ya kuazima. Kila mara ingiza kurasa 4 katikati, usasishe rejea, halafu uniandikie zimekupeleka ukurasa gani.

Baba yako