Kabla ya Kuuliza Kama Watu Wanaikubali Sheria, Uliza Nani Anailipia

Kwa miaka sita nilikuwa wakala mdogo wa sangara, nikikusanya samaki katika mialo, yaani vituo vya kupokelea samaki, ya Ukerewe katika Ziwa Victoria na kuwaleta Mwanza kwa boti ya barafu, na katika muda huo wote sikukutana na mvuvi aliyefurahia kuona ziwa likipungukiwa na samaki. Ndiyo maana hunikera kusikia kwamba watu wetu wanapinga sheria za uvuvi kwa kukosa elimu. Elimu wanayo, wanachokataa ni kubebeshwa gharama peke yao.

Alfajiri moja mzee mmoja aliweka sangara juu ya ubao wangu wa kupimia, na mkia ukaishia kwenye sentimeta 48, ilhali sangara wa chini ya sentimeta 50 haruhusiwi. Akaunyoosha mkia kwa vidole viwili, kama fundi cherehani anayevuta kitambaa kilichopungua, ukafika 49 na ushei. Tulicheka wote wawili. "Mwanangu," akaniambia, "huyu amekwisha kufa, nikimrudisha majini atamfaa nani? Na mafuta ya injini nimekopa kwako." Nyavu nazo zilikuwa za tajiri wake, ambaye ndiye aliyechagua ukubwa wa matundu. Nikampokea samaki yule pamoja na wengine wa namna hiyo, kiwandani wakakataliwa wote, nami nikaikata hasara nzima kwenye malipo ya mzee.

Hivyo ndivyo mnyororo wa biashara, kutoka mvuvi hadi mnunuzi wa mwisho, unavyofanya kazi usipoangaliwa: sharti hushuka kutoka juu hadi kwa mwenye mtumbwi, lakini fedha ya kulitimiza haishuki nalo. Ujerumani ina sheria ya minyororo ya ugavi, inayozitaka kampuni kubwa kuangalia haki za watu na mazingira kwa wanaowauzia bidhaa, iliyoanza kutumika Januari 2023, na Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake la aina hiyo mwaka 2024, kisha mwaka uliofuata ukasogeza mbele utekelezaji wake. Baada ya jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza kuanguka nchini Bangladesh mwaka 2013 na kuua zaidi ya watu 1,100, ni vigumu kusema kwamba sheria za aina hiyo hazina sababu, nami naziunga mkono. Lakini mnunuzi wa minofu aliye mbali huikubali kwa urahisi sheria ambayo gharama yake haioni, na huku kwetu wazee bado wanakumbuka miaka ya 1997 hadi 1999, Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa hili mara kadhaa kwa sababu za kiafya. Kwa hiyo ukiwaambia kwamba Ulaya imetunga sheria nyingine, usishangae wakikunja uso kabla hujamaliza sentensi.

Kwa hiyo, wewe unayeingia katika biashara hii, au unayetumwa kukusanya maoni, usimuulize mvuvi kama anaiunga mkono sheria, kwa kuwa mgeni mwenye karatasi hudhaniwa kuwa bwana samaki, yaani afisa wa uvuvi, na atajibiwa ndiyo. Muulize mwaka huu imemgharimu nini, kisha unyamaze uandike. Ukiwa mnunuzi, pima mbele yake, kataa palepale mwaloni badala ya kusubiri kiwanda kikukatalie, na weka madaftari mawili yanayofanana, moja likae kwake. Mkopo nao uwe wa nyavu zenye matundu yanayoruhusiwa kuliko kuwa wa mafuta pekee, maana mafuta humrudisha majini na nyavu zilezile za jana. Nilifanya hivyo katika mwaka wangu wa mwisho. Mmoja aliziuza nyavu akahamia kisiwa kingine, lakini kwa waliobaki ubao wangu ulianza kuwa na kazi ndogo.

Mzee yule nilimrudishia fedha zake baada ya miezi minane. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye kitambaa, kisha akaniuliza kama wanunuzi wa huko juu nao wamechangia chochote. Nilimjibu kwamba zote zilitoka mfukoni mwangu.