Deep Purple ya leo ni ileile?
Kaka umeuliza kama Deep Purple ya sasa, ile bendi ya roki ya Uingereza, bado ni bendi yenyewe ama imebaki jina tu. Mi nasema ni yenyewe kabisa, na sababu ni Ian Paice, yule wa dramu, yupo tangu 1968 na ndo pekee aliyepiga kwenye safu zote, yaani kila kikosi cha wanamuziki wa bendi. Halafu watu wanasahau kwamba hata ile safu wanayoiita ya asili haikuwa ya kwanza, muimbaji wa mwanzo alikuwa Rod Evans, kisha Ian Gillan wa kuimba na Roger Glover wa besi wakaingia 1969 ndo moto ukawaka, wakaenda mpaka 1973 wakatoka wote wawili, wakaja David Coverdale na Glenn Hughes, na hapo bendi ikaanza kuwa na ladha ya soul na fanki, kitu ambacho Ritchie Blackmore wa gitaa hakukipenda akaondoka 1975 akaanzisha bendi yake, Rainbow. Tommy Bolin akashika gitaa lake, mwaka uliofuata bendi ikavunjika na Bolin akafariki Desemba hiyohiyo, alikuwa na miaka 25 tu, inaniuma mpaka leo.

Wakarudi 1984 na safu ya Gillan. Blackmore akatoka tena 1993, kwenye gitaa Steve Morse akakaa karibu miaka 28, sasa yupo Simon McBride. Jon Lord alimwachia Don Airey kinanda 2002. Kwangu pengo la Lord ndo halizibiki.