Kwa wewe unayeanza kubeba mizigo ya wanachuo Dodoma

Kila mwaka vyuo vikikaribia kufunguliwa, Oktoba na Novemba, naona kirikuu ngeni, vile vigari vidogo vya mizigo, zimepaki stendi ya mabasi ya Nanenane. Vijana wenyewe wametoka kwenye tofali, mchanga na mahindi ya Kibaigwa, na wanaiona mizigo ya wanachuo kuwa kazi ya mteremko: begi, godoro, ndoo, kuna nini hapo? Wiki ya kwanza haijaisha wanalalamika kwamba wanafunzi wasumbufu na hawalipi.

Wanafunzi wanalipa vizuri tu. Ila tofali likivunjika unaongeza jingine na mwenye nyumba anakusamehe. Begi la mtoto wa watu likipotea, ndani kuna cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha sita na nguo zote alizonunuliwa na ukoo mzima. Hapo hakuna cha kuongeza. Kazi hii inataka mtu wa kuuliza na kuhesabu, nguvu za kubeba zinakuja baadaye kabisa. Naandika kwa aliyenunua au kukodi kirikuu juzi na anataka mteja wa leo ampigie tena Julai.

Anza na simu. Mteja akikwambia "kaka njoo unipeleke UDOM", hajakwambia kitu. Chuo Kikuu cha Dodoma kimetawanyika vilimani, kila ndaki na eneo lake na hosteli zake. Mwanafunzi wa Ndaki ya Elimu ukimshusha CIVE, ndaki ya mambo ya kompyuta, na tranka lake jua la saa saba, umemuua. Uliza ndaki, uliza bloku, na kama hajui mwambie asome kwenye simu yake ile barua ya kujiunga. Halafu wapo wa St. John's kule Kikuyu, palipokuwa sekondari ya Mazengo. Wapo wa CBE, chuo cha biashara, mjini, wapo wa Chuo cha Mipango. Na wapo wa Chuo cha Serikali za Mitaa, Hombolo, ambako ni nje ya mji kabisa na bei yake haifanani na ya wengine. Mtoto aliyetoka Kigoma au Tanga hajui umbali huo, anajua jina la chuo tu. Mweleze kabla hujapakia. Ukingoja mfike njiani ndiyo umwambie "huku ni mbali, ongeza", atalipa kwa sababu hana la kufanya, na jioni hiyohiyo namba yako itakuwa imesambaa kwenye kundi la WhatsApp la mwaka wa kwanza kwa jina ambalo hutalipenda.

Swali la pili ndilo linalookoa siku yako.

"Umeshapata chumba?"

"Nimeomba kwenye mfumo, kaka. Nikifika nalipia halafu wananipangia."

"Kwa hiyo bado."

"Bado, ila ni leo leo."

Hiyo "leo leo" inaweza kukukalisha mbele ya bloku mpaka saa kumi jioni. Kuna namba ya malipo haijatoka, kuna foleni, mtandao unakatika, mara kaambiwa arudi akapige nakala ya kitambulisho. Muda wote huo gari lako ni stoo ya bure, na wateja wengine wanne wanakupigia. Mimi nawashauri hivi: mzigo mkubwa ubaki pale ulipofikia, kwenye ofisi ya mizigo ya basi na risiti yake mkononi, au kwa ndugu kama anaye mjini. Mwanafunzi aende kwanza na begi la mgongoni lenye vyeti na kompyuta mpakato, amalize usajili, ashike ufunguo, ndipo akupigie. Asiyetaka kusubiri mpe bei mbili palepale kwenye simu, ya safari na ya kungoja. Ukizitaja mapema hakuna anayegomba. Ukizitaja baada ya saa tatu za jua, utaonekana tapeli hata kama una haki.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, wengi wa Kanda ya Ziwa wanashuka Nanenane saa nane, saa tisa usiku. Usipakie saa hizo. Utampeleka wapi? Ofisi ya hosteli imefungwa, mlinzi hamjui, na wewe na binti wa watu mmesimama gizani na magodoro. Mwambie akae ndani ya stendi penye taa na watu, apakate begi lake, kukipambazuka utafika. Mara nyingi mama yake atapiga simu kutoka Bukoba au Musoma kuhakikisha. Shikamoo kwanza, kisha mpe namba ya gari kabla hajaiomba. Mama aliyepewa namba ya gari analala, na mwakani mdogo mtu akija chuo ni wewe utakayetafutwa.

Wa treni ni wepesi zaidi. Tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, watoto wa Dar na Morogoro wanaokuja nayo hubeba begi moja au mawili, na godoro na ndoo wananunua hapahapa. Kwa hao kazi yako inaanzia dukani. Mshauri anunue vitu vyote mtaa mmoja, usizungushwe mji mzima kwa bei ya safari moja.

Sasa mzigo wenyewe. Kipimo cha mzigo wa mwanachuo ni ngazi. Gari litabeba chochote, lakini hosteli nyingi ni za ghorofa, na kwenye hosteli za kina dada wewe mwanamume unaishia mlangoni. Kuanzia hapo anabeba mwenyewe na yeyote atakayemwonea huruma. Kwa hiyo akikupigia akiwa bado nyumbani, na wapo wanaopiga wiki nzima kabla, mwambie asijaze tranka mpaka linyanyuliwe na wanaume wanne. Tranka libebe vitu vizito vidogo: vyombo, pasi, viatu, unga kilo chache. Nguo na mashuka yaende kwenye shangazi kaja. Kitu ambacho wasichana wawili hawawezi kukipandisha ghorofa ya tatu bila kupumzika kimefungwa vibaya. Na kama ni hosteli ambayo unaruhusiwa kupandisha, mkubaliane kabla kama bei inaishia kwenye gari au inaishia kitandani. Ugomvi mwingi nilioushuhudia kwenye kazi hii ni wa ngazi.

Nimetaja shangazi kaja, nikae hapo kidogo. Yale mabegi ya mirabaraba, mekundu na ya bluu, yanafanana yote. Basi moja la mwezi wa kumi linaweza kushusha lundo lake, na kila mtu ana haraka. Kuandika jina kwa kalamu ya wino mzito ni vizuri, ila wino unafutika kwa msuguano na vumbi, na begi likilala upande wenye jina hulioni. Mimi natembea na kitenge kikuukuu ndani ya gari. Nachana vipande vyembamba, namfungia mteja mmoja rangi moja kwenye kila kitu chake, mpaka mpini wa ndoo, mpaka fagio. Wa pili namfungia kitenge kingine. Tukimaliza tunahesabu pamoja kwa sauti, yeye anahesabu na mimi nahesabu: tranka moja, shangazi kaja mbili, godoro tatu, ndoo nne, beseni tano, dumu sita, feni saba. Napiga picha. Tukifika tunahesabu tena kabla sijalipwa. Wapo madereva wanaonicheka. Siku ya kuripoti nabeba mizigo ya wanafunzi watatu kwa safari moja, ndaki moja, bila mtu kushuka na beseni la mwenzake, na wao wanabeba mmoja mmoja.

Kupakia kuna hesabu yake. Bodi ya kirikuu haifiki mita moja na nusu kwa upana, na kwa urefu ni kama mita mbili. Godoro la futi sita linaingia kwa urefu, lakini mawili ya futi mbili na nusu hayalali sambamba. Ukiyalazimisha yanakunjika katikati na mkunjo hautoki. Yasimamishe kwa ubavu, moja kila upande wa bodi, yakumbatie mizigo. Tranka linatangulia mbele kabisa, limeegemea kabini, maana ukifunga breki kwenye tuta vitu vyote vinakimbilia mbele. Ndoo zipachikwe moja ndani ya nyingine, na ndani ya ile ya juu likae dumu la mafuta ya kula, wima, kifuniko kimefungwa na kitambaa. Mafuta yakimwagika kwenye godoro ndiyo basi tena, hakuna sabuni ya kuyatoa. Dagaa wa mama wakae mbali na nguo, wewe mwenyewe utanishukuru ukiwa umefunga vioo vya kabini.

Usiweke godoro juu ya mzigo likiwa limelala. Dodoma ni nchi ya upepo, na mwezi wa kumi upepo huo unakuja na vumbi. Ukipandisha kilima kwa mwendo, godoro linageuka tanga, linaanza kunyanyua kamba, na kamba ikilegea unalikuta kwenye barabara nyuma yako. Funga kwa manila, vuka mara mbili kwa mshazari, halafu juu yake pitisha mpira wa tyubu, kwa sababu manila inalegea mizigo ikishajipanga na mpira unaifuata. Simama baada ya kilomita moja ukaze tena. Turubai ni lazima, mvua iwepo isiwepo. Kama godoro ni jipya, ile nailoni ya kiwandani isitolewe mpaka chumbani. Wanafunzi wanapenda kuichana dukani wajaribu kulala, wazuie.

Gari hizi vitabu vyake vinasema kilo 350. Wote tunajua watu wanapakia nini. Kwa mizigo ya wanachuo huna haja ya kuzidisha, bodi inajaa kabla uzito haujafika. Kinachozidisha ni watu: mwanafunzi, rafiki, kaka wa rafiki, wote wanataka kukaa juu ya magodoro. Anayekaa ni mmoja, kabini, wengine wapande daladala. Hapo usilegeze hata wakinuna.

Mtungi wa gesi, ule mdogo wa kilo sita, uliza mapema kama hosteli inauruhusu, maana nyingi haziruhusu, na majiko ya umeme vilevile. Usikubali kuugeuza na kuurudisha kwa nauli ya bure. Kama anapanga geto mtaani, Ng'ong'ona au Iyumbu, beba, lakini ukae wima nyuma kwenye hewa, valvu imefungwa, rigeleta imetolewa. Na huko mtaani nenda ukaione njia kabla ya mvua za Desemba. Barabara za udongo zinabadilika, na kirikuu ikinasa na mzigo wa mtu utalipa mwenyewe vijana wa kusukuma.

Walinzi wasalimie vizuri. Wengi ni Wagogo, "mbukwenyi" ya kweli inafungua geti kuliko honi.

Msimu wa pili, ambao wageni wa kazi hii huwa hawaufikirii, ni Julai. Chuo kinafungwa, hosteli inatakiwa iachwe wazi, na mtoto wa Mtwara hawezi kusafiri na godoro na feni ili azirudishe Oktoba. Anatafuta mahali pa kuviacha. Ukiwa na chumba kikavu nyumbani, hapo ndipo penye hela isiyochoma mafuta. Ila jua kwamba adui wa Dodoma ni mchwa. Usiweke kitu sakafuni hata usiku mmoja, panga chaga za mbao juu ya matofali, acha nafasi kati ya mzigo na ukuta ili uweze kupita na kumulika, na umulike kila wiki. Viroba vya vitabu na madaftari viende juu kabisa. Usipokee chakula. Unga ulioachwa kwenye tranka unaita panya, panya wakishaingia hawabagui godoro la nani. Mwombe afungue mbele yako, akubali vimo nini, aweke kufuli lake, ufunguo aondoke nao. Kompyuta na simu usipokee kabisa, hata akulilie.

Andika kwenye daftari: jina, simu, simu ya mzazi, idadi ya vitu, rangi ya kitenge, tarehe ya kuacha, kiasi alicholipa. Bei ya kuhifadhi ichukue yote mbeleni, maana Oktoba bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, linachelewa na wewe hutaweza kushikilia godoro la mtoto asiye na pa kulala. Akija rafiki kuchukua kwa niaba, mpigie mwenye mzigo kwa namba iliyo kwenye daftari lako, usipokee simu anayokupa huyo rafiki. Usipompata mwenyewe, mpigie mzazi. Usipompata mzazi, rafiki aje kesho.